Muulize Bibi Mwalimu: Ukuta wa darasa ni wa mtoto, si wa mgeni

Shule zinafunguliwa Januari, na safari hii barua za walimu na wazazi wa watoto wa awali zimezizidi zote. Zile zilizouliza mabango ya kuchapwa yanauzwa wapi nimeziweka kando, maana duka lolote la vifaa vya shule mjini Mwanza litawajibu vizuri kuliko mimi. Nimechagua za wanaotaka kutengeneza wenyewe.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Ni mwalimu mpya wa darasa la awali, shule ya serikali huku Buhongwa. Nimepewa chumba chenye kuta tupu, madawati machache na watoto wanaozidi themanini. Siku ya kufungua tutakuwa na wageni na mwalimu mkuu anataka darasa "liwake". Nimepewa shilingi elfu ishirini. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Tuanze na hao wageni ili tumalizane nao. Watapita dakika kumi, watapiga picha, watapewa soda, wataondoka. Watoto themanini wataziangalia kuta hizo mpaka Desemba ijayo. Kwa hiyo nunua kwa ajili ya watoto. Mgeni mwenye akili ataona tofauti, na asiye na akili atapumbazwa na riboni moja mlangoni.

Kuwaka kupita kiasi kuna hasara yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba kimoja: masomo mengine kuta zikiwa zimejaa picha na mabango, mengine zikiwa tupu. Kuta zilipojaa, watoto walipoteza asilimia 38.6 ya muda wa somo kwa mambo mengine. Zilipokuwa tupu, asilimia 28.4. Na walipoulizwa walichofundishwa, walipata asilimia 42 kwenye chumba kilichopambwa na 55 kwenye kitupu. Ni watoto wachache, na ni wa kwao huko, lakini mtu yeyote aliyewahi kufundisha silabi chini ya katuni kubwa ya panya mwenye kaptula nyekundu anajua macho ya watoto huwa wapi.

Sisemi uache kuta tupu. Ukuta wenye ubao uachie ubao wake, pamoja na tarehe na hali ya hewa, basi. Kuta za pembeni na ya nyuma ndizo za kazi. Kabla hujatundika kitu, piga magoti. Hapo macho yako yalipo ndipo yalipo macho ya mtoto wa miaka mitano, na hapo ndipo pa kutundika. Nimeona madarasa mengi ambamo chati za namba zimebanwa karibu na dari, utadhani wanaosoma ni popo.

Uwiano unaotakiwa kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wewe una zaidi ya mara tatu, kwa hiyo pambo lako la kwanza ni lile litakalokugawia watoto. Waweke katika makundi matano: Sato, Sangara, Furu, Kamongo na Dagaa. (Jiandae. Wote watataka Sangara. Waambie Dagaa ndiye anayelisha mji, na useme kwa sauti ya mtu anayejua.) Kwa kila kundi kata upande mmoja wa boksi kubwa, uchore samaki wa kundi juu, halafu upasue kwa wembe mistari mifupi kama 18, kila mmoja wa kuchomeka kadi. Kadi zikate kwenye maboksi ya dawa ya meno na ya majani ya chai, upande usio na maandishi, jina la mtoto kwa maka peni nyeusi: herufi kubwa moja mwanzoni, nyingine zote ndogo. Mtoto akiingia asubuhi anatafuta kadi yake kwenye kikapu na kuichomeka kwa samaki wake. Unamaliza mahudhurio bila kuita majina themanini, na wao wanajifunza kusoma neno la kwanza lenye maana kwao. Wasiofika unawaona kwa nafasi zilizobaki, na hesabu ya kutoa imeanza hapo hapo.

Maboksi yatafute Makoroboi jioni wenye maduka wanapofunga. Wengine siku hizi wanayauza, lakini ukisema ni ya watoto wa awali wengi wanalegea.

Trei za mayai ndizo ninazozipenda kuliko zote, zile za karatasi za kijivu. Trei lina matundu 30, mistari mitano ya matundu sita. Likate mara mbili ili upate vipande vitatu vya matundu kumi: mawili upana, matano urefu. Hapo una kifaa cha kuhesabia ambacho viwandani wanakiuza ghali. Mpe kila mtoto kipande na vifuniko kumi vya plastiki vya chupa za maji. Akiweka saba, anaona mstari mmoja umejaa na mwingine una viwili, yaani saba ni tano na mbili, na bado tatu kufika kumi. Ameiona kabla hujamwambia. Vizibo vya bati vya soda usitumie mpaka uvigonge kingo kwa nyundo, na trei lenye kinyesi cha kuku au ute wa yai lililopasuka usilichukue hata ukipewa bure.

Kuhusu madawati, usisubiri. Chupa saba za maji za lita 1.5, moja katikati na sita kuizunguka, vifuniko vimekazwa, zifunge kwa nguvu kwa mpira wa ndani wa baiskeli juu, kati na chini. Weka boksi la mduara juu na chini, valisha mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani. Unapata kigoda cha kama sentimita 30 kwenda juu, kimo kinachomfaa mtoto wa miaka mitano, na mtu mzima akikalia kwa adabu hakivunjiki. Ya katikati itie mchanga ili kisipinduke. Wape wazazi kazi hii kwenye kikao cha kwanza: kila mzazi aje na chupa saba. Chupa ni rahisi kuliko mchango.

Elfu ishirini yako basi iende kwenye maka peni, wembe, kamba, unga wa ngano wa gundi na manila chache. Mabango ya herufi chora mwenyewe: *d* dagaa, *k* kamongo, *m* mtumbwi, *s* sato. Tufaha lile jekundu la mabango ya dukani wengi wao hawajawahi kulitia mdomoni.

Mwangaluka Bibi. Nina chekechea ndogo Kirumba, watoto 22, kwenye ukumbi wa kanisa niliokodi. Siruhusiwi kupiga msumari wala kubandika kitu ukutani, na Jumamosi jioni ukumbi lazima uwe mtupu kwa ajili ya ibada. Nitapambaje darasa la kufungasha?

Mwangaluka. Una bahati, kwa sababu unachokiona kama tatizo kitakulazimisha usijaze vitu.

Ukuta wako utakuwa wavu. Kwenye mialo hapo kwenu hukosi kipande cha wavu chakavu cha wavuvi. Osha kwa sabuni mara mbili, anika juani siku nzima mpaka harufu ya ziwa iishe. Funga kamba kutoka nguzo moja hadi nyingine au kwenye nondo za madirisha, tundika wavu, na kazi za watoto zishikizwe kwa vibanio vya nguo. Jumamosi unaukunja na kazi zake ndani. Uliza tu ni wavu wa aina gani. Kipande cha kokoro au cha timba usikitundike, ni zana haramu, na hujui ni mtoto yupi baba yake ni Afisa Uvuvi.

Kona za kujifunzia ziwe ndani ya maboksi, kila kona boksi lake lenye picha ubavuni ili watoto wenyewe wajue nini kinarudi wapi. Kona ya kusoma, ya hisabati, ya sanaa, hizo unazijua. Nataka kusema juu ya kona ya duka, kwa sababu huko Kirumba ndiyo itakayokupa faida kuliko zote.

Watoto wako wengi wamezaliwa na kukulia karibu na soko la dagaa la Mwaloni. Mtoto wa hapo anaijua sado, ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni, kabla hajaijua kilo. Kwa hiyo usimletee duka la vitabuni lenye mikate ya kuchora. Mletee sado moja halisi ya plastiki, kopo dogo, kikombe, na ndoo. Badala ya dagaa tumia pumba za mpunga au vipande vya majani makavu vya urefu wa kidole, maana dagaa wa kweli darasani utawaita paka wa mtaa mzima. Waache wajaribu: vikombe vingapi vinajaza kopo? Makopo mangapi yanajaza sado? Utasikia mabishano ya kweli, na yule binti ambaye hajawahi kufungua mdomo tangu aje atamwambia mwenzake kwamba hajaitikisa sado vizuri, amemwibia mteja.

Mizani: henga moja ya nguo, makopo mawili ya siagi yanayolingana, yaning'inize kila upande kwa kamba za urefu mmoja. Itundike kwenye msumari uliopo tayari mlangoni au kitasa cha dirisha. Kabla ya kupima, hakikisha imelala sawa ikiwa tupu. Upande ukizidi ongeza kipande cha selotepu upande mwepesi. Fedha za karatasi kata mwenyewe, andika 100, 200, 500 na 1,000, usinakili sura ya noti halisi.

Vizuizi vya kutenga kona tengeneza kwa maboksi ya friji au televisheni yaliyokatwa na kukunjwa pande tatu ili yasimame yenyewe. Yafunike kwa kanga kuukuu. Yakichakaa, yatupe bila kulia.

Bibi, mimi ni fundi seremala Nansio, Ukerewe. Binti yangu anaanza awali na mwalimu ameomba kila mzazi achangie kitu. Nina mabaki mengi ya mbao. Nitengeneze nini kisichoishia kuwa kuni?

Vitofali vya kujengea, baba. Na usikubali mtu akudanganye kwamba ni vitu vya kuchezea tu. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha chekechea ya kwanza mwaka 1837, alianza na vitu kama hivi hivi, mpira na vipande vya mbao, akaviita zawadi.

Siri yake ni vipimo. Kitofali kiwe na unene mmoja, upana mara mbili ya unene, urefu mara mbili ya upana. Sasa tazama: mbao yako ya inchi mbili kwa nne tayari ina nusu ya siri hiyo. Ipige randa kwanza pande zote, kisha pima upana uliobaki, maana randa imekula. Urefu wa kitofali ni upana huo mara mbili kamili. Ukibaki na upana wa sentimita 9, kata 18. Hakikisha na unene ni nusu ya upana, yaani sentimita 4.5, ukizidi rudisha randa. Halafu kata vingine nusu yake, viwe mraba, na vingine mara mbili yake. Vikilingana kikweli, mtoto atagundua mwenyewe kwamba viwili vifupi vinakaa mahali pa kimoja kirefu, na hilo ni hesabu ya sehemu ambayo mwalimu wa darasa la tatu atahangaika nayo kwa chaki. Visipolingana kwa hata milimita tatu, mnara unapinda na mtoto anadhani kosa ni lake.

Nusu na robo ya mduara, pembetatu chache kwa mapaa ya nyumba, na nguzo za mviringo ukiwa na mashine ya kukereza. Zungusha kingo zote kwa msasa mpaka upitishe shavu lako bila kukwaruzwa. Usipake rangi wala vanishi. Mbao iliyopakwa dawa ya mchwa usiiguse kabisa kwa kazi hii, wala vipande vya mbao zilizong'olewa kwenye mitumbwi ya zamani. Hujui zilipakwa lami au rangi gani. Vikiisha tengeneza na sanduku, lisilo na kifuniko cha bawaba. Bawaba na vidole vya watoto ni maadui.

Shikamoo. Ni mlezi wa kituo cha watoto Igoma, wa miaka mitatu hadi mitano. Gundi ya dukani inaisha haraka na wanailamba. Naomba njia ya kutengeneza gundi, rangi na kitu cha kufinyanga. Pia tunaweza kutumia mbegu na makombe ya ziwani?

Marahaba. Gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Koroga unga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka uvimbe wote uishe. Chemsha vikombe vitatu vilivyobaki, mimina ule mchanganyiko huku unakoroga, uache utokote kidogo mpaka ung'ae. Tia kijiko cha chumvi. Unga wa muhogo nao unashika vizuri. Tengeneza ya siku moja au mbili tu. Kuna waliozoea kuweka mrututu ili isiharibike na mende wasiile. Kwenye gundi ya watoto hapana, mrututu ni sumu. Na bango lililobandikwa kwa uji usiliache chini karibu na sakafu, panya watalisoma kabla ya watoto.

Kitu cha kufinyanga wengi watakuambia unga: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, maji kidogo kidogo kama kikombe kimoja. Ni kizuri, ni laini, na kikifungiwa kwenye kopo kinadumu siku kadhaa. Lakini kina chumvi nyingi, asiachwe mtoto akala, na kuna mzazi atakayeuliza kwa nini mnachezea chakula, na hoja yake ina uzito. Mimi nachagua udongo wa kichuguu. Uponde, uchekeche, uloweke usiku, uukande kama chapati mpaka usishike mkono, uufunike kwa kiroba kibichi. Bure, hauozi, na ukikauka unaurudisha kwenye maji. Udongo wa ukingoni mwa ziwa uuache huko huko.

Na hapo nakuja kwenye makombe. Usiwapeleke watoto ziwani kuokota chochote. Kichocho kinaingia kupitia ngozi mtu akiwa ndani ya maji, na konokono wa majini ndio wanaokibeba. Makombe makavu, yaliyookotwa na mtu mzima kwenye mchanga mkavu, yakachemshwa na kuanikwa, hayo sawa kwa watoto wakubwa.

Mbegu: mahindi, ukwaju, kokwa za maembe zilizokaushwa, kwa watoto wa miaka mitano. Kwa wa miaka mitatu hata hizo zisiwe, maana kitu chochote kidogo kinachoingia mdomoni kizima kinaweza kumkaba. Mbegu mbili usiziruhusu kituoni kwa umri wowote: mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri. Ni nzuri kwa macho na zinaua.

Rangi chemsha: manjano, bitiruti, choya (rozela), mkaa uliosagwa. Burashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, na atafune mtu mzima.

Kituo anachosoma mwanangu kinadai mchango wa maputo na mapazia ya kukodi kila sherehe. Ni lazima? Mzazi, Mabatini.

Maputo yakipasuka vipande vyake vinaweza kumkaba mtoto mdogo. Peleka kamati barua hii na ule mchango wako ukanunue manila.

Bibi, nimestaafu, nipo Sengerema, nalea mjukuu wa miaka minne. Nataka nimwanzishie herufi nyumbani bila kumchosha. Nifanyeje?

Mwenzangu, mwache kalamu kwanza. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwenye msasa wazipapase kwa vidole. Sisi tuna mchanga wa ziwa. Uoshe kwa maji safi, uukaushe, uuchekeche kwa chandarua. Kata vipande vya boksi gumu vya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Andika herufi ndogo kwa gundi nyeupe ya seremala, mstari mnene kama kidole chako, mwaga mchanga, acha mpaka kesho, kung'uta. Weka alama ya rangi pale mkono unapoanzia.

Akae pembeni yako, si mbele yako, asije akaiona herufi kichwa chini. Apitishe vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa mwelekeo ule ule wa kuandika, huku akitamka sauti. Anza na *a, e, i, o, u*. Kisha *m*, na siku hiyo hiyo atasoma *mama*. Herufi tatu kwa mkao mmoja zinatosha, na akianza kutazama kuku nje, fungeni. *b* na *d* usizitoe wiki moja. Toa *b*, subiri mpaka aijue usingizini, ndipo ulete *d*.